Maandishi ya Gazi Yarejee Gazi

Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini ghuba ya Gazi, iliyo baina ya Diani na Msambweni katika kaunti ya Kwale, imekuwa ikisomwa na ulimwengu: maji yake yamepimwa, matope yake yamechimbwa na kutiwa vichupani, miti yake imezungushiwa utepe na kuandikwa unene na kimo chake, na watu wake wameulizwa maswali ya kila namna, juu ya samaki wanaovua, kuni wanazokata na mapato wanayoyapata, na matunda ya kazi hiyo yote, yaani makala za majarida, tasnifu za vyuo vikuu, sura za vitabu na ripoti za mashirika, yametawanyika katika maktaba za Brussels, Edinburgh, Stockholm, Nairobi na kwingineko, ilhali sijapata kuona mahali pamoja, si kijijini Gazi wala katika makao makuu ya kaunti, ambapo mwenyeji aweza kwenda akafunua daftari na kujua ni nini kilichoandikwa juu ya nchi yake, na nani, mwaka gani, na kwa faida gani.

Rai yangu, ambayo naitoa mbele ya wasomaji wa gazeti hili na mbele ya wenye mamlaka wa Kwale, ni kwamba kituo cha utafiti kilichoko Gazi, ambacho ni cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ijulikanayo zaidi kwa herufi zake KMFRI, kiweke daftari moja la maandishi yote yaliyopatikana kwa kukitumia kituo hicho, ghuba yake na watu wake. Daftari hilo liongezwe kila mwaka. Na, lililo muhimu kuliko yote, lionyeshwe hadharani papo hapo kijijini, kwa lugha ambayo mvuvi, mwalimu na mama wa kikundi cha mikoko wanaisoma. Kituo hicho ni cha umma, na wanaokitumia ni wengi: wanafunzi wa vyuo vyetu, wataalamu wa serikali, na wageni kutoka Ulaya waliokuja kwa ruhusa na kupokewa kwa heshima. Mali ya ushirika isiyokuwa na hesabu ya matumizi yake humfaa zaidi yule mwenye uwezo wa kuandika na kuhifadhi alichoandika, na humwacha nyuma yule aliyeichangia kwa ardhi yake, wakati wake na ujuzi wake.

Asiyelifahamu jambo hili huenda akastaajabu kusikia kwamba kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima wa minazi, ambacho tarikhi inakikumbuka zaidi kwa ajili ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui na vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896, kimepata umaarufu wa namna hii miongoni mwa wataalamu wa bahari. Sababu zake ni dhahiri. Aina zote 9 za mikoko ziotazo katika pwani ya Kenya zinapatikana katika ghuba hiyo: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, humwaga humo maji matamu; mbele ya msitu kuna mabonde ya nyasi za bahari, na mbele ya nyasi kuna matumbawe, hata mtu aliye na mtumbwi aweza kuvipitia vyote vitatu katika asubuhi moja. Tena msitu huo umepata majeraha yanayojulikana: katika miaka ya 1970 sehemu zake zilifyekwa kabisa ili kuni zake zitumike katika viwanda vya chokaa na matofali, zikabaki wazi bila kuota tena, na mnamo 1991 mtaalamu wa mikoko Dkt. James Kairo na wenzake wakaanza kupanda miche katika sehemu hizo. Mahali palipo na msitu uliosalimika, msitu uliokatwa na msitu uliopandwa kwa mkono, yote ikiwa jirani, ni nadra kupatikana, na ndiyo maana wenye elimu wakapakimbilia.

Na walipopakimbilia hawakurudi mikono mitupu. Mwaka 1994 wataalamu wa Kiholanzi pamoja na wenzao wa Kenya walichapisha uchunguzi uliouliza swali ambalo yamkini kila mvuvi wa Gazi amewahi kujiuliza kwa njia yake: majani ya mikoko yakipukutika na kuchukuliwa na maji yanayotoka, huishia wapi? Waliona kwamba chembe hizo aghalabu hutua katika nyasi za bahari zilizo jirani, na maji yanapojaa nayo huzirudisha msituni chembe za nyasi, hata msitu na nyasi zikawa zinalishana, ilhali matumbawe yaliyo mbele kidogo yanaonekana kuishi kwa riziki nyingine. Mwaka 1997 yakatoka maelezo ya namna kaa na konokono wakubwa wa matopeni wanavyoyaondoa majani yaliyoanguka kabla bahari haijayachukua. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Sweden walieleza namna kamba wanavyoitumia misitu ya mililana iliyopandwa upya kuwa malezi ya watoto wao. Na mwaka 2006 wataalamu wa Kenya wakatoa katika jarida la bahari la Magharibi ya Bahari ya Hindi hesabu ya kuukadiria uzito wa mkoko uliosimama, bila kuukata, kwa kupima unene wake tu. Haya ni machache niliyoyachagua. Yapo mengine mengi, ya ndege, ya samaki, ya chumvi ya ardhini, ya ndoa baina ya uchumi wa nyumba na msitu, na mtu wa Gazi ambaye mashua yake ndiyo iliyombeba mtafiti hana njia nyepesi ya kujua hata kwamba yapo.

Sasa tuangalie daftari lenyewe lingekuwa la namna gani, kwa kuwa kazi hii ina adabu zake na imekwisha kufanywa kwingine. Katika kaskazini ya miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia kuna kituo cha kisiwa cha Lizard, kilichoanzishwa 1973 chini ya jumba la makumbusho liitwalo Australian Museum, ambacho watafiti wa mataifa mengi hukitumia kwa zamu kama wanavyokitumia cha Gazi. Kituo hicho hukusanya kila andiko lililotokana na kazi iliyofanyika kisiwani, na orodha yake, ambayo imepita maandishi 2,000, iko wazi kwa yeyote atakaye kuisoma. Hakuna muujiza katika jambo hilo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyepewa amana ya kuuliza, kukumbuka na kuandika, na kanuni moja isiyobadilika kila mkuu wa kituo anapobadilika.

Ugumu wake ni kwamba baina ya siku mtafiti anapotia sahihi katika kitabu cha wageni na siku makala yake inapochapishwa hupita miaka miwili, mitatu, pengine mitano, na katika muda huo mtafiti amekwisha kuhama chuo, anwani yake imekufa, na karani aliyempokea amekwisha kupelekwa kituo kingine. Kwa hivyo kitabu cha wageni peke yake hakitoshi. Kila kazi inapoanza ipewe namba yake, na namba hiyo ifuatwe kila mwaka mpaka maandishi yake yapatikane au mwenyewe akiri kwamba hayatatoka. Na kila mtafiti anapopewa kitanda na meza ya maabara atie ahadi kwamba atakitaja kituo kwa jina lake kamili katika makala yake, kwa jina moja lisilobadilika, kwa sababu maandishi mengi husema tu kwamba vipimo vilichukuliwa Kenya, au pwani ya kusini ya Kenya, na mengine huitaja ghuba hii kwa jina la Maftaha, ambalo limo katika ramani za mabaharia, hata mwenye kutafuta neno Gazi asiyaone kabisa. Makala za leo, kwa bahati njema, hupewa namba ya kudumu ya kielektroni ambayo haipotei hata jarida likihama kutoka kampuni moja hadi nyingine, na namba hiyo ikinakiliwa katika daftari, njia ya kulifikia andiko hubaki wazi. Lakini tasnifu za wanafunzi wa shahada ya pili wa vyuo vya Kenya, ambazo kwa rai yangu ndizo zenye habari zinazomfaa zaidi mwenyeji kwa kuwa zimeandikwa kwa subira na kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja, mara nyingi hazina namba hiyo. Hizo zitafutwe kwa miguu, chuo kwa chuo, na nakala zake ziletwe.

Huenda mtu akasema kwamba yote haya yapo kwenye intaneti, na kwamba KMFRI ina maktaba yake Mombasa, na kwamba nyaraka nyingi za bahari ya Afrika zimewekwa katika hazina ya kielektroni inayosimamiwa chini ya UNESCO, ambako yeyote aweza kuzisoma bila malipo. Ni kweli, na waliozijenga hazina hizo wanastahili shukrani. Lakini hazina hizo zimepangwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari anachokitafuta, anayesoma Kiingereza cha wataalamu, na mwenye simu iliyo na fedha za kutosha. Tena sehemu kubwa ya maandishi yaliyotoka katika majarida ya Ulaya hayamo humo, bali yamo nyuma ya milango inayofunguliwa kwa malipo ya dola thelathini au zaidi kwa makala moja, kiasi ambacho mwalimu wa shule ya Makongeni hawezi kukitoa ili asome habari ya kaa wa nyuma ya nyumba yake.

Wengine watasema, na hoja yao ina uzito zaidi, kwamba kuhesabu maandishi huleta tamaa ya kuhesabiwa, na kwamba kituo kikianza kujisifu kwa wingi wa makala, kitawapendelea wageni wanaochapisha haraka na kumsahau yule anayepanda miche. Nayakubali maneno haya kwa kadiri yanavyohusu hesabu. Idadi ya makala ina kazi yake, nayo ni kumwonyesha Waziri wa Fedha na wafadhili kwamba shilingi waliyoitoa haikupotea matopeni, na kituo kisichoweza kuonyesha hivyo hufungwa mapema. Tuliona mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, namna shirika la utafiti wa bahari la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Unguja lilivyoporomoka pamoja nayo, na Kenya ikalazimika kuunda taasisi yake mwenyewe kwa sheria ya 1979. Lakini daftari ninalolitaka mimi, zaidi ya kuhesabu, linaeleza. Kila andiko liwe na ukurasa wake, na ukurasa huo useme kwa Kiswahili kilicho safi kwamba swali lilikuwa hili, waliopimwa walikuwa hawa, kilichoonekana ni hiki, na kisichojulikana bado ni kile.

Faida yake haitakuwa ya kusifiana tu. Mto Mkurumudzi, ambao nimeutaja, ulijengewa bwawa kwa ajili ya mgodi wa titani wa kampuni ya Base Titanium, uliochimba mpaka mwisho wa 2024. Mashamba makubwa ya miwa yamepandwa katika nchi ya juu. Hoteli za Diani zinaongezeka kuelekea kusini. Simtuhumu yeyote kwa neno hili. Nasema tu kwamba mtu atakapouliza kesho kama maji ya ghuba yamebadilika, kama tope limeongezeka, kama nyasi za bahari zimepungua, jawabu halitapatikana kwa kukisia wala kwa kupandisha sauti katika baraza la chifu, bali kwa kuvilinganisha vipimo vya leo na vile vilivyochukuliwa katika miaka ya 1990 na watu ambao hawakuwa na kesi na mtu. Na vipimo hivyo vipo, vimechapishwa, vina tarehe na mahali. Jamii isiyojua kwamba ina ushahidi huo ni sawa na isiyokuwa nao, na yule mwenye wakili wa Nairobi atautafuta kabla yao.

Wala si dhana yangu tu kwamba maandishi yaweza kurejea na kuwa riziki, kwa sababu Gazi yenyewe imekwisha kulionyesha jambo hilo kwa namna ambayo dunia inaisifu. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza, chini ya kanuni za shirika la Plan Vivo, hesabu ya hewa ya kaboni iliyozuiliwa na miti na matope, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zinazopatikana zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe katika mikutano yao, na mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tujiulize fedha hizo zilitoka wapi. Mnunuzi aliye Ulaya hanunui msitu asiouona kwa kuamini maneno matupu. Ananunua kwa kuwa mtu amekwisha kupima, akaandika, akachapisha, na wengine wakahakiki, ni kiasi gani cha kaboni kilichomo katika mkoko wa unene fulani na katika matope yaliyo chini yake. Zile makala kavu za hesabu za uzito wa miti, ambazo hakuna mwanakijiji aliyezisoma zilipotoka, ndizo zilizokuwa msingi wa mfereji wa maji. Profesa Mark Huxham wa Edinburgh na Dkt. Kairo na wenzao waliona daraja hilo na wakalivuka pamoja na wenyeji, na baadaye mfano huo ukafuatwa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako zaidi ya hekta 400 zimeingizwa katika mradi kama huo. Lakini je, ni madaraja mangapi mengine yaliyolala katika maandishi ambayo hakuna aliyeyapanga mahali pamoja akayatazama kwa jicho la mwenyeji? Mfugaji wa kaa, mwenye mizinga ya nyuki msituni, mama anayekausha dagaa, wote hao huenda jawabu la shida yao limekwisha kuandikwa na mwanafunzi aliyelala kituoni na akaenda zake.

Jambo hili halihusu bahari peke yake. Ukitoka Gazi ukaenda kusini kidogo, unafika Msambweni, ambayo katika elimu ya tiba ina jina kubwa zaidi kuliko Gazi. Tangu miaka ya 1980 vijiji vya hapo vimekuwa mahali pa utafiti wa kichocho, kwa ushirika wa Wizara ya Afya ya Kenya na wataalamu wa Marekani. Watoto wa shule walitoa mikojo yao mwaka baada ya mwaka, wakapewa dawa, wakapimwa tena, na kutokana na subira yao yalitoka maandishi yaliyosaidia ulimwengu kuijua nguvu ya dawa ya prazikwanteli na namna maradhi yanavyorejea katika vijiji vilivyo karibu na vidimbwi vyenye konokono. Mwaka 1996 Eric Muchiri, John Ouma na Charles King walichapisha muhtasari wa mradi huo wa Msambweni. Baadaye, kati ya 2015 na 2017, jamii 120 za Kwale zilishiriki katika jaribio la TUMIKIA, lililoonyesha, katika makala iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2019, kwamba dawa za minyoo zikipewa watu wote majumbani hupunguza safura zaidi kuliko zikipewa wanafunzi shuleni tu. Na mwaka 2025 likatoka katika jarida kubwa la tiba la Marekani jaribio la BOHEMIA, lililofanyika Kwale pia, ambalo lilionyesha kwamba dawa ya ivermektini, ikipewa watu kila mwezi kwa miezi mitatu, ilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 kwa asilimia 26 kuliko dawa iliyolinganishwa nayo, hata katika nyumba zenye vyandarua. Haya ni matokeo ambayo mawaziri wa afya wa nchi nyingi watayazingatia. Nani katika Kwale anayejua kwamba yametoka katika damu na jasho la Kwale?

Hapa, hata hivyo, pana tahadhari, nami naiweka kwa nguvu ile ile. Daftari la maandishi ya afya haliwezi kubandikwa ukutani kama la kaa na mikoko, kwa sababu makala za tiba wakati mwingine hukitaja kijiji kwa jina na kusema kwamba nusu ya watoto wake wana ugonjwa fulani, na kijiji hicho kina mabinti wa kuozwa na vijana wa kutafuta kazi. Mtu alitoa mkojo wake ili apone na wenziwe wapone, wala hakuutoa ili mtaa wake unyoshewe kidole sokoni Ukunda. Kabla ya kuonyeshwa, maandishi ya namna hii yasomwe kwanza na wazee wa kijiji na wahudumu wa afya wa jamii, nao waamue lipi litajwe kwa jina na lipi lielezwe kwa ujumla. Insafu hiyo haipunguzi thamani ya elimu.

Sheria tunayo tayari, ila imeelekezwa upande mmoja. Tangu Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, kila atakayefanya utafiti Kenya hutakiwa apate leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na leseni hiyo humtaka awaarifu wakuu wa kaunti kabla ya kuanza, na awasilishe kwa tume ripoti yake ya mwisho katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Angalieni mpangilio wake: mtafiti anapoingia anapita Kwale, na anapotoka anapita Nairobi. Gavana huarifiwa kwamba mtu amekuja. Hakuna sharti la kumwarifu kwamba kitu kimepatikana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, imempa kila mwananchi haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, lakini haki ya kuomba kitu usichojua kwamba kipo ni haki iliyo mbali. Bunge la kaunti ya Kwale lina uwezo wa kuifupisha safari hiyo kwa kuweka sharti dogo: barua ya kumkaribisha mtafiti Gazi, Msambweni, Shimoni au Kaya Kinondo iambatane na ahadi yake ya kuleta nakala ya kila alichokichapisha, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Anayeweza kuandika makala ya kurasa ishirini kwa ajili ya wahakiki wa London hawezi kudai kwamba ukurasa mmoja kwa ajili ya wenyeji wake umemshinda. Na kama Kiswahili chake hakitoshi, vijana waliomaliza sekondari Gazi, Kinondo na Msambweni, ambao leo wanakaa vijiweni wakingoja kazi za hoteli, walipwe kwa kazi hiyo ya kutafsiri, kutoka katika fedha za utafiti wenyewe.

Na mahali pa kuonyesha pamekwisha kupatikana. Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao iliyojengwa ndani ya msitu wa mikoko, ambayo wageni hulipa kuipita, na mapato yake huingia katika kikundi chao. Katika njia hiyo, mgeni anapofika penye mlilana, na aone ubao uliohifadhiwa kwa kioo, wenye majina ya maandishi yote yaliyoandikwa juu ya mlilana wa Gazi, na maelezo mafupi ya kila moja; anapofika penye matope, aone ya kaa na konokono; anapofika ukingoni mwa maji, aone ya nyasi za bahari. Mwanafunzi wa gredi ya nane atakayeusoma ubao huo atajua kwamba elimu ya bahari haikuanza katika kitabu kilichochapishwa ng'ambo, bali ilianza hapa alipokanyaga. Nakala nzima za maandishi ziwekwe kituoni, katika chumba kilicho wazi siku za juma, na BMU, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, iwe na ufunguo wake sawa na mkuu wa kituo.

Nimeliacha kwa makusudi mpaka sasa jambo linalonigusa zaidi. Katika makala karibu zote za Gazi, mwishoni, baada ya kuwashukuru wafadhili na maprofesa, mna mstari wa kuwashukuru wasaidizi wa kijijini, wakati mwingine kwa majina, wakati mwingine kwa neno la jumla. Hao ndio waliompitisha mtafiti matopeni asizame, waliomwambia saa ya maji kujaa na kupwa, waliomtajia kila mti kwa jina lake, waliohesabu miche iliyokufa na iliyosimama wakati mwenye utafiti amekwenda kwao kufundisha. Ujuzi wao umo ndani ya vipimo vile, lakini jina la andiko si lao na aghalabu halitakuwa lao kwa sheria za majarida. Daftari la kituo halifungwi na sheria hizo. Laweza kuwa na safu ya pili, mkabala na safu ya waandishi, ya watu waliofanya kazi ile kwa mikono, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake na la kijiji chake, akiridhia mwenyewe, na mwaka aliofanya.

Safu hiyo ndiyo ianze kuandikwa, kabla ya kutafuta makala hata moja, kwa sababu makala zitangoja katika maktaba lakini watu hawangoji. Miongoni mwa waliopanda miche ya 1991 wamo walio wazee sasa, na wanaokumbuka ni nani aliyekwenda na nani, katika sehemu gani ya msitu, kwa kazi ya chuo kipi, wanapungua. KMFRI ina wakutubi wake Mombasa, kaunti ina bajeti ya vijana, na kijiji kina watu wanaojua kuuliza kwa adabu. Waanze na nyumba za wazee hao mwaka huu, kabla ya kaskazi kuvuma.